Unataka kuacha kujichubua? Soma tyubu kwanza

Ukipita soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi siku za kuelekea msimu wa harusi, kazi yenyewe utaiona ikifanyika mbele yako. Mama ameketi nyuma ya meza, anamimina maziwa ya kupaka ndani ya chupa ya lita moja, anakamulia tyubu mbili tatu za dawa ya ngozi, anadondoshea kitu kutoka kichupa kisicho na jina, anafunga, anatikisa. Mteja anauliza itashika baada ya muda gani. Wiki mbili, anajibiwa. Na kweli, wiki mbili zikipita imeshika.

Sitamsuta aliyenunua chupa hiyo. Mtu haamki tu asubuhi moja akaichukia ngozi yake. Tangu nyumbani kwao alisikia mtoto mwekundu akiitwa mzuri na mweusi akipewa jina la utani. Baadaye akaona nani anawekwa mapokezi na nani anatumwa stoo, na kwenye harusi akaona nani anavutwa mbele wakati wa picha. Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari ametumia, ngozi imeanza kumwasha au mashavu yametoka madoa, anataka kuacha na hajui aanzie wapi. Wengi wanaorudia chupa hawarudii kwa ulegevu. Waliacha ghafla, uso ukawaka moto, watu wakaanza kuuliza, basi wakarudi sokoni. Kuacha kuna utaratibu wake, na utaratibu huo unategemea kilichomo ndani ya tyubu. Ndiyo maana tunaanza na kusoma.

Hatua ya 1: Tandaza kila kitu kitandani, usome mgongo wake

Toa vyote: sabuni, maziwa, tyubu, seramu, kile cha usiku, kile cha vidole na magoti, na vidonge kama vipo. Usiiache sabuni eti ni sabuni tu. Maandishi ya nyuma ni madogo sana, kwa hiyo yapige picha na simu uyakuze. Mbele ya chupa pasikushughulishe. Karoti, papai, neno éclaircissant au clarifiant, picha ya mwanamke anayecheka: yote hayo ni biashara. Geuza nyuma, tafuta palipoandikwa Composition au Ingrédients.

La kwanza la kutafuta ni hydroquinone. Hidrokwinoni huzuia chembe za ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye vipodozi vya kung'arisha ngozi mwaka 2001. Afrika Kusini, ambako malori mengi yanayoingia kwetu kupitia mpaka wa Kasumbalesa hutokea, iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990, miaka 15 baada ya madaktari wa huko kuandika jinsi ilivyokuwa ikiwaharibu watu nyuso.

La pili ni familia nzima: clobétasol, bétaméthasone, fluocinonide, na majina mengine mengi yanayoishia na -asone au -olone. Hizo ni steroidi. Ni dawa halali za ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, ila daktari huziandika zipakwe kidogo, mahali padogo, kwa siku chache. Zile tyubu ndogo zinazokamuliwa ndani ya chupa sokoni mara nyingi ndizo hizi. Kinachoonekana kama ngozi laini iliyotakata ni ngozi inayozidi kuwa nyembamba kila wiki, hadi mishipa inaanza kuonekana mikononi na michirizi inachanika mapajani na kwapani. Michirizi hiyo haifutiki.

La tatu ni zebaki. Inaweza kuandikwa mercure, mercury, calomel, mercurio, au Hg tu. Mara nyingi haiandikwi kabisa, kwa hiyo tazama dalili: kopo linaonya krimu isigusane na dhahabu, fedha au vito, krimu ina rangi ya kijivu, hakuna jina la kiwanda wala orodha ya vilivyomo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, unaohusu zebaki, ulipiga marufuku kuanzia 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana Geneva kuondoa hata kiwango hicho kidogo, mwisho ukawekwa 2025. Sokoni, lakini, kopo halisomi mikataba.

Na kama chupa yako ni ya kuchanganyiwa, haina karatasi yoyote? Ichukulie kuwa ina steroidi mpaka daktari akuambie vingine.

Hatua ya 2: Acha kulingana na ulichokikuta

Ukikuta zebaki, au ukiishuku, acha leo. Hapa hakuna kupunguza polepole. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kwenye figo na mishipa ya fahamu, na haibaki kwako peke yako: mtoto anayelala kifuani pako anaipata kwa kukugusa, na aliyemo tumboni anaipata pia. Funga kopo ndani ya mifuko miwili ya plastiki, uiweke mbali na watoto. Usilichome moto pamoja na takataka za uani, kwa sababu moshi wake ni mbaya kuliko krimu yenyewe. Usimpe rafiki, usimuuzie mtu kwa nusu bei. Fua foronya, mashuka na taulo. Ukifika hospitali omba wakupime mkojo na figo.

Ukikuta hidrokwinoni peke yake, unaweza kuacha mara moja. Rangi itarudi taratibu, kwa miezi, si kwa siku. Lakini kuna mtego ambao ningetaka kila mtu aujue. Baada ya matumizi ya muda mrefu, hidrokwinoni yenyewe huweza kuleta madoa ya weusi wa bluu, hasa kwenye mashavu, chini ya macho na kwenye paji la uso, mengine kama vitone vidogo vilivyokaribiana. Mtu anayaona, anadhani ni weusi unaorudi, anaongeza krimu. Madoa yanazidi, anaongeza tena, mwisho anahamia kwenye tyubu kali zaidi. Ukiona mashavu yanakuwa meusi wakati sehemu nyingine za mwili ni nyekundu, hiyo ni sababu ya kuacha. Madoa hayo ni magumu kutibu, na kila wiki ya kuchelewa inayafanya magumu zaidi.

Steroidi ndizo ngumu kuacha. Kama ulipaka kila siku kwa miezi, ukaacha ghafla, ndani ya siku chache hadi wiki mbili ngozi inaweza kuwaka, kuvimba, kuwasha usiku kucha na kutoa vipele. Kwa watu weusi uso hauwi mwekundu kama vitabu vinavyosema. Mara nyingi huwa na rangi ya kahawia iliyoiva au zambarau, ndiyo maana hata manesi wengine hawaitambui hali hiyo. Wakati huo ukipaka tena kidogo tu, moto unazimika kwa saa chache, nawe unaamini ngozi ilikuwa inaihitaji krimu. Moto huo uliwashwa na krimu yenyewe.

Kama ulipaka sehemu ndogo tu, kwa mfano uso au mikono, utaratibu ambao madaktari huutumia mara nyingi ni huu: siku moja unapaka, siku moja unaacha, kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili nyingine, kisha basi. Wakati mwingine daktari hukubadilishia kwanza tyubu kali akupe hidrokotisoni, ambayo ni nyepesi. Usijipangie hivyo kwa chupa isiyo na jina, maana hujui unachopunguza. Ipeleke hospitali, wakupe badala yake kitu kinachojulikana.

Kama ulipaka mwili mzima kwa miezi, usipunguze peke yako. Steroidi hupenya hadi kwenye damu, na tezi zilizo juu ya figo, zinazotengeneza homoni kama hiyo, huona mwili umeshatoshelezwa zikalala. Ukikata ghafla, zinaweza kuchelewa kuamka. Hapo mtu hupata uchovu usioelezeka, kizunguzungu akisimama, kichefuchefu, kutapika, presha kushuka. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, si ya kusubiri Jumatatu.

Hatua ya 3: Paka vitu vichache vya kuchosha

Sabuni isiyo na harufu kali, mara moja au mbili kwa siku. Vaselini au siagi ya shea ngozi ikiwa bado ina unyevu. Basi. Ngozi iliyochubuka haitaki majaribio: limau halitakiwi, kwa sababu limau likikutana na jua huunguza, dawa ya meno haitakiwi, na ile dawa ya kufulia nguo, sitaki hata kuitaja. Sindano na dripu za kung'arisha zinazotangazwa kwenye simu ziache zote.

Jua ni jambo la kuliangalia kweli. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mwezi wa 9 na wa 10, kabla ya mvua kushika, jua la saa sita linachoma hata mtu ambaye hajawahi kupaka kitu. Mwavuli, kofia pana, mikono mirefu ya kitambaa chepesi. Krimu ya kukinga jua ukiipata ni nzuri, lakini mwavuli unapatikana kila mahali na hauishi.

Hatua ya 4: Jiandae kwa maneno kabla hayajaja

Kati ya mwezi wa kwanza na wa nne tangu uache utakuwa na rangi mbili tatu kwa wakati mmoja. Vidole vilikuwa vimekataa kung'aa tangu mwanzo, sasa shingo inarudi kabla ya uso, au uso kabla ya mgongo. Wataita «Fanta juu, Coca chini». Wale wale waliokusifia ulipokuwa unang'aa watakuuliza kama unaumwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanaposhindwa, kuliko kwenye moto wa ngozi, kwa hiyo andaa majibu mapema, mafupi, ambayo unaweza kuyasema umechoka.

Kwa rafiki wa rika lako:
«Mbona umekuwa mweusi hivi, uko mgonjwa?»
«Niliacha dawa. Ngozi inarudi.»
Usiongeze hapo. Ukianza kueleza sana, unafungua mjadala, na mjadala huo utaishia kwenye jina la krimu nyingine ambayo «haina shida».

Kwa wakubwa jibu la namna hiyo ni utovu wa adabu, na kunyamaza pia hakutoshi. Tafuta mtu mzima mmoja, shangazi au mama mkubwa, yule ambaye neno lake linasikilizwa kwenye ukoo. Mweleze yote faraghani, mwonyeshe madoa, mwambie daktari alisema nini. Kisha mwombe: «Mama, wakisema tena kwenye kikao, naomba unisaidie kuwajibu.» Mtoto akijitetea mbele ya wajomba anaonekana mkaidi, mama mkubwa akisema «mwacheni, anatibiwa», mazungumzo yanahamia kwenye bukari (ugali) na samaki.

Kwa mchumba ni mazungumzo mengine, na yafanyike kabla ya mahari, si baada. Mwambie wazi rangi unayorudia ndiyo yako. Atakayesema anapenda ile ya chupa amekuambia jambo muhimu mapema, bila gharama.

Harusi ikiwa karibu, yako au ya dada yako, usianze kupunguza steroidi siku tatu kabla. Anza miezi miwili kabla, au subiri ipite na uweke tarehe. Na fundi wa makiyaji achague poda kwa kufuata rangi ya shingo na kifua, maana hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye picha ikiwa sawa na uso.

Wavulana nao wamo, ingawa hawapendi kusema. Wengine hupaka, wengine humeza vidonge ili wajaze fulana. Yaliyoandikwa hapa yanawahusu vilevile, isipokuwa wao mara nyingi hawana hata rafiki mmoja anayejua.

Hatua ya 5: Zima urembo wa simu

Simu nyingi za bei nafuu hutoka dukani kamera ikiwa tayari imewekwa kulainisha na kung'arisha uso. Fungua kamera, tafuta palipoandikwa Beauté au Retouche, shusha hadi sifuri. Siku za kwanza utashtuka. Huo ndio uso ambao watu wamekuwa wakiuona wakati wote na kukusalimia nao. Kisha pitia watu unaowafuata, na statasi za WhatsApp za wauza krimu uzifiche bila kuwaaga.

Hatua ya 6: Vidonge vya kunenepesha vina kanuni zake

Kwetu wembamba bado unasomwa kama njaa au SIDA, yaani UKIMWI. Msichana akikonda kidogo mtihani ukikaribia, majirani wanaanza kuhesabu. Ndiyo maana vidonge hivi vinauzwa meza ile ile ya krimu, vingine vikihesabiwa ndani ya kijifuko bila jina. Mara nyingi huwa ni dawa mbili: siproheptadini, iliyoandikwa cyproheptadine, na deksamethasoni, yaani dexaméthasone.

Ya kwanza ni dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula. Huleta usingizi mzito. Anayeendesha pikipiki asiiguse. Ukiacha, hamu inapungua na kilo zinaondoka.

Ya pili ni steroidi ya kumeza, na hapo nenda taratibu. Uliahidiwa makalio na mapaja, lakini mafuta yanaenda usoni, tumboni na nyuma ya shingo, wakati mikono na miguu inazidi kukonda. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu. Kama umeimeza kwa zaidi ya wiki tatu, usikate siku moja, kwa sababu ile ile ya tezi zilizolala. Nenda upangiwe namna ya kushuka.

Na kama kweli umekonda bila sababu, jambo la kwanza ni vipimo: kifua kikuu, VVU, sukari, minyoo. Vikitoka vizuri, mwili unanenepa kwa chakula: bukari na maharage, sombe (majani ya muhogo) yenye karanga nyingi, samaki, avoka kila jioni. Polepole, ndiyo.

Hatua ya 7: Tazama kama tatizo limepita ngozi

Kuna mtu anayeacha krimu na maisha yanaendelea. Kuna mwingine ambaye saa nzima na zaidi kila siku inakwisha mbele ya kioo au kamera, akikagua pua, doa moja, mdomo, ambavyo wenzake hata hawavioni. Haendi darasani, haendi ibadani, anakaa gizani, anauliza swali lile lile kila siku, «niko sawa?», na jibu halimtulizi hata dakika kumi. Mwingine anajitapisha baada ya kula, au anakaa siku nzima na maji tu. Hayo ni magonjwa yanayojulikana na yanatibika, kwa mazungumzo ya mpangilio na mtaalamu, na kwa baadhi ya watu pamoja na dawa za sonona. Kumwambia «jikubali» hakumsaidii kitu.

Hapa mjini kuna kituo cha Joseph Guislain, kinachohudumia magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu. Najua jina lake linavyoogopwa mitaani. Nenda hivyo hivyo, na ukiona aibu nenda na yule mama mkubwa. Mtu akianza kusema afadhali afe, asiachwe peke yake chumbani, na apelekwe siku hiyo.

Hatua ya 8: Siku ya kwenda hospitali

Hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu, ulizia daktari wa ngozi. Asipokuwepo, daktari wa kawaida anaweza kuanza: presha, sukari, mkojo. Nenda uso mtupu, bila poda, na mfuko wenye chupa na tyubu zote, hata zilizokwisha. Taja miezi au miaka kamili na sehemu zote ulizopaka, pamoja na zile ambazo mtu haonyeshi. Daktari akianza kukuhubiria, mwache amalize, kisha mrudishe kwenye mfuko: «Daktari, hii niiache vipi?»

Kama ulishapaka dawa ya fangasi na fangasi wakakataa kupona, mwambie pia. Steroidi huuficha fangasi juu na kuuacha utambae pembeni. Mwenye mimba amwambie mkunga kwenye kliniki ya kwanza. Na kabla ya upasuaji wowote, wa kuzaa ukiwemo, daktari ajue, kwa sababu ngozi iliyokonda kwa steroidi inashika nyuzi vibaya na kidonda kinakawia kufunga.